Mbao ya dawa, plaiwudi na MDF kwa mjengo: maswali tunayoulizwa kila siku

Hii tumeandikia mafundi, wenye nyumba na vijana wa mkono wa huku kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma mpaka Busia, juu maswali ni yaleyale kila mteja akiingia na saa zingine mtu anauliza akiwa tayari amepakia mkokoteni. Shika kitu kimoja kabla hujasoma mbali: mbao ya dawa ikishapigiliwa kwa paa na imekauka, hiyo haina vita na wewe. Vita iko kwa vumbi yake, moshi yake, majivu yake na yale maji ya dawa kabla hayajakauka. Usishangae majibu mengi hapa chini yakirudi hapo.

Mbao ya dawa ni gani, na bodi zinaingia aje hapo?

Mbao ya dawa ni ile imetiwa kemikali ndio mchwa, wadudu wa mbao na kuoza visiifikie. Ile ya kiwandani huingizwa kwa tangi kubwa la chuma, hewa inavutwa, halafu dawa inasukumwa kwa presha mpaka iingie ndani ya mti. Hivyo ndivyo zinafanywa nguzo za stima, posti za fensi, na mbao nyingi za paa.

Bodi ni hizi zimeundwa kwa vipande na gundi: plaiwudi, blokbodi, MDF, chipbodi, na siku hizi hata boriti zilizounganishwa kwa gundi. Bodi ikitiwa dawa unakuwa na kemikali mbili kwa kitu kimoja, ya gundi na ya wadudu, na ndio maana tunaziongelea peke yake. Zingine dawa huchanganywa na gundi yenyewe wakati wa kutengeneza, zingine zile karatasi nyembamba za mti hutiwa dawa kwanza ndio zigundishwe, na zingine bodi nzima inaingia kwa tangi ikiwa imeshakamilika. Hii ya mwisho inataka gundi ngumu, juu ukiingiza plaiwudi ya gundi ya kawaida ya ndani ya nyumba kwa tangi la dawa ya maji, itatoka imeanza kufunguka.

Ndani ya hiyo dawa kuna nini hasa?

Ile ya kijani kijani yenye tumeizoea inaitwa CCA, yaani shaba, kromiamu na aseniki. Shaba inazuia kuoza, aseniki inamaliza mchwa, na kromiamu ndio inashikisha hizo mbili kwa mti zisioshwe na mvua. Ilibuniwa India miaka ya 1930. Inafanya kazi vizuri, hakuna mtu atakudanganya hapo, lakini aseniki ni sumu yenye hata shirika la utafiti wa kansa la WHO limeiweka kwa kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu.

Kuna zingine za shaba bila aseniki. Kuna za borati, hizo ni za ndani tu juu maji huziosha zikatoka, usiweke nje Kakamega na hiyo mvua yao ya kila jioni ukategemea zikae. Halafu kuna kreosoti, ile nyeusi ya mafuta ya nguzo za zamani, nayo tutaifikia.

Si nimeskia Marekani na Ulaya walipiga marufuku CCA?

Si marufuku ya kila kitu. Marekani watengenezaji walikubali kuacha kuitumia kwa mbao nyingi za nyumbani kufika mwisho wa 2003, yaani ngazi za nje, fensi za nyumba, vitu vya watoto kuchezea. Ulaya nao wakaibana 2004. Lakini nguzo na kazi za viwandani ziliendelea. Kwa hivyo usiogope nguzo ya stima iko nje ya geti, we usiruhusu watoto wachezee chini yake pale mchanga umelowa dawa, na usitengenezee mtoto bembea na posti za CCA. Kama lazima, paka rangi ama vanishi ya nje na urudie ikianza kubanduka, hiyo inapunguza dawa kushika mkono wa mtoto.

Nitajuaje mbao imeingizwa dawa kweli na si rangi tu?

Hili ndilo swali letu kubwa, na ukweli ni kwamba rangi ya kijani pekee yake haikuambii kitu. Kuna watu huchovya mbao kwa pipa dakika chache, wengine wanapaka rangi na brashi, inatoka kijani safi kabisa na wewe unalipa bei ya mbao ya presha. Halafu upande mwingine, mbao ya CCA iliyokaa jua miaka hugeuka kijivu, mtu anaiona kama mbao ya kawaida tu anaichoma.

Cha kufanya, omba wakukatie kipande katikati, si mwishoni juu mwisho wa mbao hunywa dawa hata ukichovya tu. Angalia ule mkato. Ukiona kijani kimeishia kwa ngozi ya mbao kama milimita moja hivi na ndani ni nyeupe, hiyo umeuziwa rangi. Ya presha dawa inaingia sehemu yote ya nje ya mti, ile laini. Moyo wa mti hata kwa presha haunywi dawa vizuri, kwa hivyo ukiona katikati pale penye rangi nyekundu nyekundu hakuna kijani usianze kupigana na muuzaji. Uliza pia risiti iseme ni dawa gani na ni ya matumizi gani, ndani, nje ama ya kuzikwa kwa ardhi. Muuzaji akianza kucheka ukiuliza hivyo, toka hapo.

Marine board na plaiwudi ya kawaida zina tofauti gani kwa upande wa usalama?

Tofauti iko kwa gundi. Plaiwudi ya ndani, MDF na chipbodi nyingi zinatumia gundi ya yuria na fomaldehaidi, ya rangi nyeupe nyeupe. Ile ya nje na marine hutumia gundi ya fenoli, na mara nyingi ukiangalia ubavu utaona mistari ya gundi ni kahawia iliyoiva ama karibu nyeusi. Ya fenoli inavumilia maji na pia haitoi gesi nyingi baadaye. Ile nyingine hutoa fomaldehaidi, gesi ya kuwasha macho, pole pole, na ikishika unyevu na joto inatoa zaidi, sasa fikiria Kisumu mwezi wa pili mchana.

Ile bodi ya kahawia yenye imefunikwa kama plastiki, ya kumwagia silabu, hiyo watu huita marine lakini mara nyingi ni ya fomuwaki tu, yaani ya kushikilia zege mpaka ikauke. Gundi yake inaweza kuwa poa ama mbaya, na haimaanishi imetiwa dawa ya mchwa.

Mbao imefika saiti imelowa, inatoa maji ya kijani. Tupige kazi?

Hapana. Hiyo bado dawa haijashika. CCA inahitaji siku kadhaa mpaka wiki kadhaa ndio ile kromiamu ibadilike na ifunge dawa kwa mti, na kukiwa na baridi inachukua muda zaidi. Molo ama Elburgon mwezi wa saba si sawa na Ahero. Kabla ya hapo kromiamu yenyewe iko kwa ile hali yake kali yenye inachoma ngozi na inaleta kansa. Kama umepelekewa imelowa irudishe, ama kama gari limeshaondoka ipange kwa vijiti hewa ipite katikati, chini ya paa, mbali na kisima na mtaro, na mtu yeyote asiiguse bila glovu za mpira. Glovu za kitambaa hapo ni bure, zinanyonya maji na kukuwekea dawa kwa mkono siku nzima.

Bodi ni nzito aje, na zinapangwa vipi?

Karatasi ya MDF ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ni karibu kilo 40. Plaiwudi ya saizi hiyo hiyo ni kama kilo 30 ama zaidi kidogo kulingana na mti. Watu wawili, tafadhali. Tunaonanga kijana mmoja amebeba juu ya kichwa anavuka barabara na upepo wa ziwa wa saa tisa unamgeuza kama tanga, na boda nayo inapita. Kwa tuktuk zifungwe zikiwa zimelala ama zimesimama wima kabisa, si zile zinatoka nje upande mmoja na kijana ameshikilia.

Saiti zilaze chali juu ya vipande vya mbao vitatu au vinne vilivyo sawa, usiziegemeze kwa ukuta zitapinda. Funika juu, lakini acha pembeni hewa ipite, ukizifunga na nailoni pande zote zinatokwa jasho na kuota ukungu. Basi.

Kukata: ni lazima mask? Ile ya Korona inatosha?

Lazima, na haitoshi. Ile ya buluu ya Korona ina nafasi pembeni, vumbi ya MDF ni nyepesi na ndogo sana inapita hapo kama hakuna kitu. Unataka mask ya vumbi yenye imeandikwa N95, FFP2 ama P2, ikae kwa uso bila nafasi. Ndevu nyingi zinafanya isishike. Ikiwa nzito kupumulia ama imelowa jasho, badilisha.

Kwa nini tunasisitiza: vumbi ya mbao, hata mbao safi bila dawa yoyote, iliwekwa na hilo shirika la kansa la WHO kwa kundi la kwanza 1995. Inasababisha kansa ya ndani ya pua. Fomaldehaidi nayo iko kwa kundi hilo hilo. Sasa vumbi ya bodi iliyotiwa dawa inakuletea vyote pamoja, mti, gundi na dawa, kwa pumzi moja.

Mask ndio ya mwisho, si ya kwanza. Anza na kukatia nje, ukiangalia upepo unatoka wapi, wewe ukae upande upepo unatoka. Msumeno wa mkono hutoa unga mkubwa unaoanguka chini, lakini grainda, msumeno wa stima na hasa msasa wa mashine zinatoa ile vumbi inaelea. Kama uko na mashine ya kuvuta vumbi ifunge kwa msumeno. Kama hauna, nyunyiza maji kidogo chini kabla ya kufagia na usifagie kavu, na usitumie blowa kupuliza nguo zako, hiyo unajirudishia vumbi usoni. Tumeona mafundi Kibuye wakipiga msasa ndani ya kibanda cha mabati mlango umefungwa ndio jirani asilalamike, na mtoto amelala kwa benchi. Jirani amepona, mtoto je?

Miwani ya kazi pia. Na sigara iwe mbali, unga mkavu wa mbao unashika moto haraka kuliko mnavyodhani.

Fundi wangu anasema amekata MDF miaka 20 bila mask na hajawahi kuumwa.

Tunamwombea. Magonjwa ya vumbi hayaji siku ileile, yanakuja baada ya miaka mingi, na wale yamewashika hawako saiti wakupatie ushuhuda, wako nyumbani. Muulize kama asubuhi hupenga kamasi ya rangi ya bodi, ama kama kifua hukaza Jumatatu na kulegea wikendi.

Nikikata mbao ya dawa, ule mwisho mpya unabaki aje?

Unabaki wazi. Dawa iko nje zaidi ya ndani, ukikata umefungua mlango wa mchwa. Kwa hivyo panga vipimo vyako vizuri ukate kidogo iwezekanavyo, na kila mkato na kila tundu la boliti lipakwe dawa ya brashi ya kumalizia, ile ya shaba mara nyingi, mara mbili mbili mpaka isinyonye tena. Soma kibandiko cha mkebe, vaa glovu za mpira, fanyia nje. Posti za fensi usizike upande uliokatwa, geuza, ule mwisho wa kiwandani ndio uende chini.

Bodi ni hivyo hivyo, bavu za plaiwudi ndio mdomo wake wa kunywa maji. Ziba bavu na rangi ya msingi ama gundi ya nje kabla hujapandisha juu.

Kwa nini tusipake tu oil chafu ya gari? Ni rahisi.

Tunajua ni rahisi, gereji wanakupatia kwa jerikeni. Lakini oil iliyotumika imebeba masizi na vyuma vya injini, na ukiguza kila siku kwa ngozi tupu ina hatari ya kansa ya ngozi. Inafanya paa yako ishike moto kwa urahisi. Halafu mchwa hawaiogopi sana, ikishakauka na mvua imepiga kidogo wanarudi, na ile iliyoshuka imeenda kwa kisima. Wengine wanachanganya na dawa ya mifugo ama ya shamba ndio ikaze, hapo sasa umetengeneza kitu hakuna daktari atajua alichokutana nacho ukiletwa umezimia.

Misumari gani? Na mabati?

Shaba iliyo kwa dawa inakula chuma, hasa mbao ikiwa na unyevu. Tumia misumari na boliti zilizochovywa zinki kwa moto, ama stenlesi pale kuna mvua nyingi. Za kung'aa za kawaida zitatoa machozi ya kutu na kushika kwao kunaisha. Mabati pia yasilale moja kwa moja juu ya mbao ya dawa iliyolowa, acha ikauke kwanza. Watu wa mradi wa haraka hawapendi kusikia hii.

Vipande vilivyobaki mama wa samaki anaomba kila jioni. Kuna ubaya kumpatia?

Ndio, kuna ubaya mkubwa, na hapa ndipo tungeomba msome pole pole.

Ukichoma mbao ya CCA, moto hauui aseniki. Sehemu inapanda na moshi, na iliyobaki inakaa kwa majivu ikiwa imekolea kuliko ilivyokuwa kwa mbao. Sasa mama anakaanga ngege wake ama anakausha omena juu ya huo moshi, yeye ameinama hapo masaa na mtoto yuko mgongoni, samaki yenyewe inanyonya moshi, na mteja anakula. Bodi nazo, ata zisizo na dawa ya mchwa, gundi yake ikiungua inatoa fomaldehaidi na gesi zingine kali, ndio maana macho yanawasha hivyo ukichoma chipbodi.

Anayeomba hana makosa. Kuni ni bei, makaa ni bei, na mabaki ya mjengo yanaonekana ni ya bure na makavu. Mwenye anajua ni wewe wa saiti. Kwa hivyo tunasema hivi: tenganisha kutoka siku ya kwanza. Weka magunia mawili ama pipa mbili, moja la mbao tupu isiyo na dawa, gundi wala rangi, hiyo mpatie mama na roho safi, na lingine la mbao ya dawa na bodi zote, hilo lifungwe na liandikwe SUMU, USICHOME kwa rangi, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo ama Kiluhya kulingana na pale mko. Na mwambie mlinzi, juu saa sita usiku baridi ya Njoro ikiingia ndiye hutafuta kitu cha kuwasha. Mwachie kuni zake pembeni.

Kwa watu wa mikahawa na wapishi wa matanga, hasa matanga, penye kuni huletwa na kila mtu: angalia kama kuna vipande vya kijani ama vilivyo na tabaka za gundi, toa.

Majivu yake nikiweka kwa sukuma?

Usiweke. Aseniki inakaa kwa udongo, haiishi kama mbolea. Na ng'ombe na mbuzi hupenda kulamba majivu kwa ile chumvi chumvi, majivu ya mbao ya CCA yameshaua ng'ombe nchi zingine. Ukikuta mtu amechoma posti kuukuu karibu na boma, zungushia hapo, vaa glovu na mask, yakusanye yakiwa yamelowa kidogo yasipeperuke, fungia kwa mfuko mzito, na mifugo isipite.

Maranda na unga wa mbao kwa banda la kuku?

Kuku wanadonoa kila kitu, wanakula maranda, wanayapumua, na sumu inaweza kuishia kwa yai. Uliza semil ama karakana walikuwa wanapasua nini siku hiyo. Kama wanachanganya mbao ya dawa na ya kawaida kwa mashine moja, tafuta kwingine, maganda ya mchele ya Ahero yapo. Vilevile usitumie kwa jiko la unga wa mbao, kwa uyoga, kwa mboji, wala chini ya mbwa.

Sasa nitupe wapi, kama sichomi na sigawi?

Kwanza punguza, vipande virefu vinatumika kwa vigingi, vya kuzibia, stendi ya tangi la maji upande wa chini. Bodi nzuri zirudi fomuwaki nyingine. Kilichobaki kabisa mpatie mbeba taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na umwambie wazi ni mbao ya dawa, na umuulize anaipeleka wapi. Mkiipanga kwa bajeti ya mjengo mapema si pesa nyingi. Kutupa kwa mtaro ama ufukweni hapana, shaba hata kidogo inasumbua samaki na viumbe vidogo vya maji, na sisi wote tunakula kutoka hilo ziwa.

Nimepata nguzo za zamani za stima bei ya chini. Naweza tumia kwa nyumba?

Kama ni nyeusi na inanuka lami, hiyo ni kreosoti. Ndani ya nyumba usiingize kabisa, wala kwa zizi penye mnyama atajisugua. Ukiishika na jua likakupiga, ngozi inaungua na kuchubuka, wengine hudhani ni jua pekee. Fensi ya mbali na bustani, sawa, na mikono mirefu. Ya kijani fuata yale tumeshasema ya CCA. Na kupasua nguzo kwa semil iwe mbao za kitanda, acha hiyo kabisa.

Kabati mpya za jikoni zinanuka, macho yanawasha. Itaisha?

Ni fomaldehaidi kutoka kwa gundi. Inapungua na muda, wiki za kwanza ndio kali. Fungua madirisha mchana na milango ya kabati, usimlaze mtoto mchanga ama mtu wa pumu kwa chumba kimetoka kuwekwa bodi. WHO imesema hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo kwa nusu saa. Unaponunua uliza bodi ya daraja la E1, hiyo inatoa kidogo. Gesi hutokea zaidi kwa bavu na matundu yaliyo wazi, kwa hivyo mwambie fundi afunike bavu zote kwa tepu ya bodi, hata za nyuma zenye hazionekani, huko ndiko wanarukanga.

Plaiwudi ya kuzuia moto je?

Ni ya chumvi chumvi zenye zinafanya mbao iungue polepole. Haimaanishi haiungui. Inavuta unyevu na inakula misumari. Na si kila moja inavumilia joto la chini ya mabati, Marekani miaka ya 1980 plaiwudi za paa za aina hii zilianza kupoteza nguvu kwa joto mpaka watu wakawa wanazibadilisha. Uliza kama imetengenezewa paa, upate kwa maandishi.

Kibanzi kimeingia mkononi.

Osha kwa sabuni na maji ya kutiririka, kitoe chote kwa kibano safi, osha tena. Kikiingia ndani sana ama pakavimba, nenda zahanati useme ni mbao ya dawa, na uulize sindano ya pepopunda kama umekaa miaka bila kudungwa. Vumbi ama dawa kwa jicho, osha kwa maji safi dakika 15 bila kusugua, halafu hospitali. Ukimeza dawa ya brashi usijitapishe, chukua mkebe uende nao.

Nguo na chakula?

Osha mikono na uso kabla ya chapo na madondo, kabla ya sigara, na kabla ya kwenda msalani. Sumu nyingi saiti inaingia kwa mdomo kutoka kwa vidole. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto.

Meza ya chakula, mzinga wa nyuki, sanduku la mboga?

Mbao ya dawa ya CCA ama kreosoti, hapana kwa zote tatu.

Kontrakta anasema glovu na mask ni za mtu kujinunulia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye anatoa vifaa vya kujikinga, na anafaa awaeleze kemikali mnazoshika. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo, WIBA, inamtaka awe na bima yenu, na inahesabu pia magonjwa ya kazi si kuanguka tu. Mnaweza kulalamika kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, ile huitwa DOSHS. Tunajua kijana wa kibarua cha siku akilalamika kesho haitwi, kwa hivyo wacha tuongee na mwenye nyumba: mask na glovu za mpira kwa watu watano ni kitu kidogo sana kwa bei ya hiyo paa, weka kwa orodha ya hadiwea pamoja na misumari na uache kungojea kontrakta.

Mafuriko yameingia stoo, bodi zimelowa. Naweza okoa?

Hili linakuja kila msimu kutoka Nyando na Budalangi. MDF na chipbodi zikishavimba hazirudi, zitoe. Plaiwudi ya gundi ya fenoli inaweza kupona ukiilaza sawa, vijiti katikati ya kila karatasi, uzito juu, kivulini, na usiikaushe kwa jua kali itapinda. Kata kipande kidogo ukizamishe ndani ya ndoo usiku mzima, asubuhi kipinde kwa mkono, kikifunguka tabaka usitumie kwa kazi ya kubeba uzito. Ndoo hiyo isirudi jikoni. Zenye zimeota ukungu zipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni ukiwa na mask, usizipige msasa zikiwa kavu, na kama zilikuwa zimepangwa pamoja na mikebe ya dawa ya brashi, hesabu mikebe kwanza uone kama kuna imevuja kabla mtu hajaingia miguu mitupu.